Karani wa Toba: Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Lornah amesimama katikati ya duka lake la ushonaji pale Kondele, karatasi mkononi. Karatasi ilisukumwa chini ya mlango asubuhi. Na juu yake, kwa wino wa buluu, yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Si maneno yanayofanana na yake. Yake hasa.

"Kuna anayemwogopa Mungu kama mtoto anavyomwogopa baba mlevi anaporudi nyumbani. Naye namwona."

Chini yake jina moja tu: Mchungaji Ajwang.

Usishangae, msomaji wangu, kwamba mwanamke wa miaka ishirini na tisa anatetemeka kwa mistari miwili. Lornah aliishi miaka kumi na moja ndani ya Ushirika wa Mlango Mwembamba, kundi la huyo Mchungaji, kule ufuoni kupita Bondo. Huko hakuna redio, hakuna hospitali, hakuna kioo cha kujitazama. Kila Ijumaa kila mtu huandika dhambi zake, na dhambi za jirani alizozisikia, akazikabidhi. Lornah alitoroka miaka mitatu iliyopita. Mama yake, Adero, alibaki. Tangu siku ile, kwa sheria ya Ushirika, Lornah ni marehemu.

Na maneno yale aliyasema mara moja tu maishani. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita. Humu humu dukani. Mbele ya watu watatu.

Watu hao watatu sasa walikuwa wanabisha mlango.

Wakaingia kama kawaida yao ya kila Jumamosi saa nane mchana. Wote wanne walikuwa wametoka Ushirika, kila mmoja kwa njia yake, na hapa ndipo mahali pekee walipoweza kusema walichokuwa wakiamini zamani bila mtu kuwacheka.

Wa kwanza alikuwa Walter, bawabu wa zamani wa Ushirika, mtu mpana wa mabega, siku hizi mlinzi katika nyumba moja kubwa ya Milimani. Nyuma yake Debra, msichana wa chuo kikuu pale Bondo, aliyetoka miezi minane tu iliyopita. Wa mwisho Mama Agneta, miaka sitini na nne, mfuko wa njugu mkononi, maana hakujua kuja kwa mtu mikono mitupu.

Lornah akatia komeo.

"Mbona unatufungia?" Walter akauliza.

"Keti kwanza."

Akawasomea karatasi.

"Hiyo niliisema hapa," akasema. "Kwa hicho kiti. Sijaisema kwa mtu mwingine. Sasa mniambie. Nani?"

Nje, pikipiki za stendi zilikuwa zinapiga honi kama kawaida, kana kwamba hakuna lililotokea.

Walter aligeuza kichwa polepole. Macho yake yakatua kwa Debra.

"Simu yako iko wapi?"

"Kwa begi."

"Itoe."

Hata Lornah alikuwa amefikiria hivyo hivyo, usimwone Walter peke yake kuwa mbaya. Kila Jumamosi msichana huyu huweka simu mezani, uso chini, na hata ikilia haiguswi. Nani wa umri wake hufanya hivyo?

"Debra, nipe."

Debra akaitoa. Lornah akaifungua, akatafuta, akaona. Rekodi za sauti, zaidi ya thelathini, kila moja imeandikwa Jumamosi na tarehe yake. Akabonyeza moja. Duka likajaa sauti yake mwenyewe, ikisimulia habari za mama yake, ikilia.

"Yawa!" Mama Agneta akashika mdomo.

Walter alikuwa ameshasimama.

"Simama," akamwambia Debra. Debra akasimama. "Geukia ukuta. Piga magoti. Sema dhambi yako, usiache hata moja, maana inayobaki ndiyo itakayokula."

Na Debra akapiga magoti. Hakubisha. Aligeukia ukuta, akaweka mikono juu ya kichwa, vidole vimefumana, kama walivyofundishwa wote.

Huyu hakuwa Walter aliyeongea. Alikuwa bawabu. Maneno ni yale yale, hata pumzi kati ya neno na neno ilikuwa ile ile. Na ubaya zaidi, yeye mwenyewe Lornah alikuwa ameanza kungoja toba kwa hamu.

"Walter," akasema kwa sauti ya chini. "Umesikia ulichosema?"

Walter akatazama mikono yake mikubwa kana kwamba ni ya mtu mwingine, kisha akaketi, kwa uzito, mpaka benchi likalia.

"Sijui imetoka wapi," akasema. "Haki ya Mungu, Lornah, sijui."

Debra alikuwa bado ameelekea ukutani, anaongea.

"Mimi hurekodi juu ya usiku. Nikishtuka usingizini nafikiria wote wameenda mbinguni, nimebaki peke yangu. Sasa naweka sauti zenu chini ya mto. Ile siku Mama Agneta alicheka akashindwa kunyamaza, hiyo ndiyo hunisaidia zaidi. Sijatumia mtu. Angalia kila mahali. Angalia tu."

Lornah akaangalia. Aliangalia kote ambako mtu anaweza kutuma kitu. Hakukuwa na chochote kilichotumwa kwa yeyote.

Akamwinua yule msichana, akamkumbatia.

Basi kama si Debra, ni nani? Macho yake yakaenda kwa Walter. Walter aliyelijua kila geti na kila ufunguo wa Ushirika. Walter aliyetoka bila kufukuzwa, bila kupigwa, bila mtu kumfuata. Kwa nini walimwacha aende kirahisi hivyo?

"Usinitazame hivyo," Walter akasema.

"Nakutazamaje?"

"Ni mimi," sauti ikasema.

Wote wakageuka. Mfuko wa njugu ulikuwa umeanguka, njugu zimetawanyika chini ya cherehani. Mama Agneta hakuinama kuziokota.

"Ni mimi, wanangu. Mwacheni mtoto wa watu. Na Walter pia mwacheni."

"Mama?" Lornah hakuamini. "Wewe una miaka miwili tangu utoke!"

"Miguu ndiyo ilitoka. Mkono bado. Kila Ijumaa jioni mkono unaniwasha mpaka nishike kalamu. Niliacha mwezi mzima, nikashindwa kula. Si mnajua tulivyoambiwa? Ukisikia dhambi ya mwenzako ukanyamaza, imekuwa yako. Mimi ni mzee, Lornah. Nina presha. Sitaki kufa nimebeba zangu, na zenu ninyi watatu juu yake."

Lornah alitaka kumpigia kelele. Alitaka kumfungulia mlango na kumwambia asirudi tena. Lakini alijikuta anatazama kuta za duka lake. Fundi wa nguo, miaka mitatu Kondele, na hana kioo. Wateja hujipima gauni wakajitazama kwenye dirisha la duka la jirani. Wao walidhani ni umaskini, naye akawaacha wadhani.

"Mimi bado nalala na viatu," Walter akasema ghafla. "Bawabu hatakiwi kukutwa miguu mitupu siku tarumbeta itakapolia. Mke wangu anafikiria nina ugonjwa wa ngozi."

Debra akacheka, kicheko kidogo chenye machozi. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Barua zako anapeleka nani?" Lornah akauliza.

"Dorca. Yule wa Ushirika anayeleta samaki wa omena sokoni kila Jumanne."

"Anampa nani?"

"Karani wa Toba, nani tena?"

Kila aliyekuwa Ushirika alimwogopa Karani wa Toba kumzidi Mchungaji. Karani ndiye husoma toba zote za Ijumaa, huchagua, hupeleka ndani. Zamani za Lornah alikuwa mzee mmoja mkimya asiyetabasamu.

"Yule mzee bado yuko hai?"

Mama Agneta akamtazama, na usoni mwake woga ukabadilika, ukawa huruma.

"Kwani hukujua? Sisi tulidhani unajua. Alishazikwa mwaka juzi. Karani ni mama yako."

*

"Usiende," Walter alimwambia mara tatu. "Hiyo 'namwona' ni chambo. Nimefunga geti lile miaka tisa, najua linavyofungwa nyuma ya mtu."

Lakini nani angemzuia? Mama aliyemzaa alikuwa anasoma siri zake kila wiki na kuzipeleka kwa Mchungaji Ajwang. Jumapili saa saba mchana Lornah na Debra walikuwa wameshapita Bondo, na pikipiki ikawashusha pale njia ya gari inapoishia. Hoteli ndogo ya chai ilikuwa pale kando. Debra akabaki hapo na simu.

"Saa kumi nisipotoka, ita polisi."

"Na wakiniuliza wewe ni nani wangu?"

"Waambie dada."

Akashuka peke yake. Ziwa likatokea mbele, jeupe kwa jua, kisha ukuta wa mabati, kisha geti. Hakuwahi kubisha lile geti kutoka nje. Akabisha.

Aliyefungua alikuwa Dorca wa omena, mwanamke mrefu, kitambaa kimefungwa mpaka nyusi. Kwa sheria, Dorca alipaswa kumpa mgongo, maana maiti haisalimiwi.

Dorca akamshika mkono.

"Umechelewa," akanong'ona. "Ingia haraka."

Si "umekuja". Umechelewa. Kwa hiyo walikuwa wanamngoja.

Moyo wa Lornah ukamwambia ageuke. Lakini Dorca alikuwa ameshamvuta nyuma ya vichanja vya kuanikia samaki, mbali na macho ya watu. Kanisani wimbo ulikuwa unaimbwa, sauti mamia, bila ngoma. Akadhani anapelekwa jikoni. Wakapita jiko. Akadhani ni bweni la wanawake. Wakalipita nalo.

Walisimama kwenye mlango wa nyumba ya Mchungaji Ajwang, nyumba iliyogusana na kanisa, ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuikanyaga.

"Hapa siingii," Lornah akasema.

"Utaingia," Dorca akasema, na akausukuma mlango.

Ndani, kwenye kiti cha Mchungaji, alikuwa ameketi mama yake.

Adero alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa zimeota mvi. Lakini kilichomshtua Lornah kilikuwa usoni. Mama yake alikuwa amevaa miwani. Ndani ya Ushirika, mtu kuvaa miwani ni kumwambia Mungu ameshindwa kuponya macho.

"Nyathina," Adero akasema. Mwanangu. Akainuka, mikono mbele.

Lornah akarudi hatua moja nyuma. "Uliandika wewe ile karatasi?"

"Mimi. Dorca ndiye aliyeipeleka."

"Ili unitishe."

"Ili uje! Nimekuandikia nakuona. Si nakuona kweli? Kila Jumanne Dorca akileta barua ya Agneta nakuona. Umenunua cherehani ya pili. Uliugua malaria mwezi wa kwanza. Umemkataa yule fundi wa viti aliyetaka kukuoa. Mimi mama yako ningejua wapi?"

Msomaji, hapo moyo wa Lornah ulilegea. Miaka mitatu alidhani amesahauliwa. Aliona yale macho nyuma ya miwani yamejaa maji, akataka kuanguka pale pale kifuani.

Kisha akakumbuka nyumba aliyosimama ndani yake.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Ajwang. Usiniambie anakuruhusu ukae kiti chake na miwani usoni."

Adero akamtazama Dorca. Dorca akatazama chini.

"Alikufa mwezi wa nne," Adero akasema.

Wimbo ulikuwa unaendelea ng'ambo ya ukuta. Mamia ya watu walikuwa wanamwimbia mtu ambaye hayupo.

"Alikufaje?"

"Sukari. Mguu ulioza. Mwishoni aliomba hospitali. Alilia kama mtoto mdogo, akasema tukodi gari lolote." Adero akairekebisha miwani. "Nikamkumbusha sheria yake."

Alisema bila haraka, kama mtu anayesoma jina kwenye orodha. Mama huyu hakuwa yule aliyemwacha.

"Watu mliwaambia nini?"

"Kwamba ameingia kimya cha siku mia, hamwoni mtu, anaandika tu. Mimi na Dorca tulichimba nyuma ya jiko, tukasema ni shimo la choo. Nyaraka zote tangu siku ile ni zangu. Nani aliondoa viboko? Mimi. Nani aliruhusu watoto wapelekwe kliniki? Mimi, kwa jina lake! Nikachukua maneno yako ya baba mlevi, nikayatia kinywani mwake, yakasomwa Jumatano. Kanisa zima lililia, Lornah. Wanaume walilia."

"Basi waambie amekufa. Fungua geti."

"Watafanya nini? Wengine wameuza mashamba kwa ajili yake. Wengine wamezika watoto kwa ajili yake. Ukiwaambia alililia gari la hospitali watatuua sisi wawili kabla jua halijazama."

Mlango wa upande wa kanisa ukagongwa. Mara tatu.

"Mchungaji!" sauti ya mwanaume ikaita. "Wazee wameketi. Siku ya mia imetimia. Tunangoja."

Lornah akaganda. Kitasa kikaanza kuzunguka.

Adero akaweka ngumi mdomoni, akakohoa.

Hakikuwa kikohozi chake. Kilikuwa kizito, cha kifuani, kikaishia na mluzi mdogo. Kilikuwa kikohozi cha Mchungaji Ajwang, kile walichokuwa wakikisikia kabla ya kila mahubiri. Kitasa kikaachiliwa. Nyayo zikarudi nyuma kwa adabu.

"Kikohozi nakiweza," Adero akanong'ona. "Sauti siiwezi, ya kwangu imekuwa nzito. Waraka wa mwisho uliahidi kwamba leo saa tisa atasema nao kutoka nyuma ya pazia. Yeye sauti yake ilikuwa nyembamba, unaikumbuka. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita ukimwigiza jikoni, wasichana wakilala chini kwa kucheka. Nilikuchapa mwenyewe."

Sasa Lornah akaelewa kwa nini aliambiwa amechelewa. Hakuitwa na mama aliyemkosa binti. Aliitwa kwa sababu ya koo lake.

Ama kwa sababu zote mbili. Angejuaje?

Akasogea kwenye pazia lililoziba uwazi wa ukuta wa kanisa, akachungulia. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka milangoni. Mbele kabisa walikuwa wasichana wa miaka kumi na tano, kumi na sita, vitambaa mpaka nyusi, mikono juu ya mapaja. Mmoja alikuwa anajiuma kucha huku akiangalia pazia kana kwamba limeanza kuwaka moto.

"Niwaambie nini?"

Adero akampa karatasi. "Soma nilivyoandika. Usiongeze, usipunguze."

Wino wa buluu. Lornah akasoma.

"Wanangu, kazi yangu imekwisha, naenda kwa Baba. Kuanzia leo msikilizeni Adero kama mlivyonisikiliza mimi. Atakayempinga amenipinga mimi. Na binti yake aliyekuwa amekufa, leo amefufuka. Mpokeeni."

Akasoma mara ya pili. Safari hii herufi zilikuwa za mama yake, zile zile alizofundishwa nazo kuandika jina lake.

"Unataka kuwa yeye," akasema.

"Nataka urudi nyumbani." Adero alikuwa analia sasa, waziwazi. "Hakuna mwingine mwenye uwezo wa kukufufua isipokuwa yeye. Nimefanya yote haya niandike mstari huo mmoja. Huoni?"

Lornah alimtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta uongo. Alitafuta kama alivyofundishwa kutafuta, machoni, midomoni, kwenye vidole. Hakuupata. Hakupata na ukweli.

Kengele ikalia. Saa tisa. Wimbo ukakatika, na ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kiasi kwamba alisikia mawimbi yakigonga mawe nje.

Dorca akalishika pazia lisifunguke. Adero akakohoa tena, kile kikohozi, na kule kanisani kilio cha furaha kikapanda na kushuka.

Lornah akalisogelea pazia mpaka kitambaa kikamgusa midomo. Akaikunja ile karatasi mara moja, mara mbili, akaitia mfukoni.

"Umefanya nini?" mama yake akanong'ona. "Isome! Lornah, isome!"

"Wanangu," Lornah akasema.

Sauti ilitoka nyembamba, imepooza kidogo mwishoni, kama vile marehemu alivyoitoa miaka yote. Ng'ambo ya pazia watu mia tatu walianguka magotini kwa kishindo kimoja.

"Wanangu," akarudia, "inukeni. Kuna shimo nyuma ya jiko. Nataka mkalifukue."